Tairi za nyuma za Aristo yangu: tairi safi, muuzaji hapana (au sijui)

Naandika hii hasira hazijaisha kwa hiyo mnivumilie. Nina Toyota Aristo, ile yenye injini ya 2JZ ya tabo mbili, nakimbiza mbio za dragi, zile za magari mawili kushindana kwenye mstari ulionyooka, na hilo gari ni zito jamani, tani moja na nusu na ushee kabla sijakaa mimi na mwili wangu huu. Wenye vi-Altezza hawawezi kunielewa. Gari jepesi ukilivalisha mpira laini linatoka, basi, mnaenda kunywa soda. Zito ukikanyaga uzito wote unarudi nyuma, zile tairi mbili zinabebeshwa dunia, sasa kama ubavu ni mwembamba kama wa zile rimu 19 ambazo vijana wa Area C hapa Dodoma wanavaa kwa ajili ya picha, tairi haina pa kujikunja, inashika inaachia, inashika inaachia, nyuma kote kunarukaruka mpaka unaskia kitu kimelia paa na hapo ujue ekseli imekwenda. Ukizidisha ulaini wa ubavu nao, kule mbele ukishakolea mwendo gari linacheza mkia. Kwa hiyo mimi nilishaamua zamani, 255/45R17, na ile namba ya mzigo inayofuata baada ya saizi isishuke chini ya 98, maana 98 ni kilo 750 kwa tairi moja na hapo ndo roho yangu inatulia.

Kule Marekani mtu anaagiza tu tairi za Mickey Thompson au Hoosier za dragi anafungiwa nyumbani. Sisi wa Dodoma tunazunguka kwenye matairi ya mtumba ya Japani yaliyopangwa juani tangu asubuhi, na jua letu hili linavyokausha mpira kila mtu anajua.

Basi kipindi kile cha upepo na vumbi nikaingia duka moja hapa mjini, jina naliweka kapuni. Kuna mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Kimya. Anaangalia simu. Halafu akasema, "Saizi?" Yaani hiyo ndo marahaba yangu. Nikamtajia saizi, akanyoosha kidole nyuma yake bila kuinua macho.

Tairi ya kwanza nikaikagua mwenyewe, nikasoma zile namba nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, ule wa herufi na namba za kiwanda ubavuni, 3521, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira laini, kashata (vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara) bado zipo, haina kiraka. Nikauliza ya pili iko wapi nione, kumbe kijana wake ameshaipandisha kwenye mashine anaivalisha rimu. "Hizo ni pea, zimetoka gari moja, unataka nini tena kijana wangu?" Nikalipa, laki tano na kitu. Risiti? Mashine ina hitilafu, akanichania karatasi ya daftari. TRA, watu wa kodi, wanatuimbia kila siku ukinunua dai risiti, haya, nimedai, nimepewa karatasi ina muhuri wa MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Muhuri huo haukuwa na hitilafu hata kidogo.

Siku ya mbio (sehemu ilifungwa, sio barabarani, msianze) nikashusha upepo wa tairi za nyuma mpaka psi 24, nikachoma tairi kidogo zipate moto, nikajipanga. Taa ikaruhusu, nikaachia. Lahaula. Upande wa kulia ulishika kama kupe, wa kushoto unazunguka tu unatoa moshi, na difu langu ni la kufunga kwa hiyo magurudumu yote mawili yanalazimishwa kusukuma, sasa kulia anasukuma kweli, kushoto anacheza muziki, pua ya gari ikaenda kushoto kwa mwenzangu. Nikaachia mafuta, nikarudisha usukani, nikapita na yale maboya ya plastiki mawili. Mwenzangu aliniambia aliona taa zangu kwenye dirisha lake la pembeni. Na mke wangu alikuwepo, kwa hiyo hebu fikirieni safari ya kurudi nyumbani.

Jioni fundi wangu akatandika boksi, akaingia chini ya gari na tochi ya simu. Nikamsikia anacheka. Ile tairi ya kushoto wameivalisha upande wenye tarehe ukiwa ndani. Tairi nyingi tarehe kamili inaandikwa ubavu mmoja tu, ubavu wa pili una DOT nusu haina mwaka, kwa hiyo ukisimama nje hata uwe na miwani ya daktari huoni kitu. Akanisomea: 0813. Wiki ya nane, 2013! Pea ya gari moja, miaka nane katikati. Jina lile lile, kashata zile zile, imepakwa dawa ya kung'arisha inawaka. Nikabonyeza ukucha, kwenye ya kulia unazama, kwenye ya kushoto unakwaruza tu kama naandika ubaoni. Na hiyo sio bahati mbaya, mtu alichagua upande wa kuficha.

Nikarudi. Mzee yupo pale pale, kiti kile kile. Nikamweleza taratibu kabisa, kwa heshima zote. Akanijibu, "Dogo, gari lako ndo bovu. Tairi haina akili ya kuvuta kushoto." Dogo! Nina watoto wawili sekondari. Nikamwonyesha picha ya 0813, akasema hizo ni namba za kiwanda, hazihusiani na mwaka. Anauza matairi huyu! Halafu akanigongea karatasi yangu kwa kidole pale kwenye muhuri. Watu wamejaa wanaangalia.

Kwa hiyo msiende. Duka sifuri, sifuri ya mviringo.

Ila tairi yenyewe, ile ya 2021, niseme ukweli sijawahi kuvaa kitu kama kile kwenye hilo gari. Ubavu unakunjika vizuri, haurukiruki, na bado naweza kuendea nayo Kongwa kwa shemeji bila wasiwasi. Zingekuwa mbili za vile nisingekuwa naandika hapa, ningekuwa natamba. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba nimezunguka mji mzima mpaka Majengo, saizi hiyo hakuna, wananipa 225 wananiambia "itakaa tu boss". Itakaa ndio, itatoka je?

Halafu juzi kati yule kijana wa mashine kanipigia. Anasema bro samahani, mwenzake wa ile ya kulia yupo, alikuwa chini ya rundo stoo, mwaka huo huo. Mzee anataka laki tatu, ya zamani haipokei. Laki tatu! Kwa tairi ambayo nilishailipia! Nimemtukana yule kijana wa watu bure, hana kosa.

Jumamosi naenda. Tarehe nitasoma mwenyewe, tairi ikiwa chini, kabla haijagusa mashine. Na shikamoo safari hii hapati.