Dalali wa muuzaji au dalali wako mwenyewe?

Ukiona tangazo la nyumba lina namba ya simu chini yake, mara nyingi huyo dalali kawekwa na muuzaji. Nyumba anaijua, funguo anazo, simu anapokea chap, na kawaida we humlipi kitu moja kwa moja, ila kazi yake ni bei ipande, kwa hiyo ukishamwambia "mwisho wangu ni hapa" jua mwenye nyumba atazipata hizo habari kabla hujafika kwako. Bajeti yako usimtajie kabisa!

Dalali wako mwenyewe anakutembeza nyumba za watu tofauti, na akiwa mzuri ndo yule anayesimama sebuleni anaangalia juu anakwambia hii dari imepigwa rangi kipande tu, tuulize paa lilivuja lini. Yule wa muuzaji hicho kipande kakiona pia, ila hatakuwa wa kwanza kukitaja. Shida ni kwamba naye akilipwa kwa asilimia ya bei, nyumba ikiwa ghali anapata zaidi, so kubalianeni mapema kiasi maalum na kiandikwe. Muulize pia kama kuna nyumba anazouza kwa niaba ya wenyewe, maana akikupeleka huko anakula pande zote mbili na we hauna mtetezi tena.

Kama ndo nyumba yako ya kwanza, chukua wa kwako. Bei za eneo unazijua na mwanasheria unaye? Wa muuzaji anatosha. Ila hati, yeyote utakayemchukua, usikubali dalali ndo akuhakikishie, ikaguliwe kwa msajili wa ardhi kabla hujatoa hata hela ya kushikia.