Mechi nzima za UConn 2024 YouTube, bando lako halipotei

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka asipoteze muda: mechi zenyewe nyota tano, huduma nyota nne. Nazungumzia zile mechi nzima za UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) za ubingwa wa kikapu wa vyuo Marekani mwaka 2024, zipo kwenye chaneli ya March Madness, ndo jina la hayo mashindano ya mtoano, kule YouTube, unaangalia bure, hulipii chochote zaidi ya bando lako.

Kwa nini UConn? Sisi Wabongo na kile chuo tuna undugu bwana. Hasheem Thabeet alicheza pale Storrs, Connecticut toka 2006 mpaka 2009 chini ya kocha Jim Calhoun, akaenda nao mpaka nusu fainali ya taifa 2009 wakatolewa na Michigan State 82-73, halafu mwaka huohuo Memphis ya NBA wakamchukua namba 2 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Toka hapo kuna watu huku hatujaiacha hii timu hata baada ya yeye kuondoka. Wakabeba ubingwa 2011, 2014, 2023, na huu wa 2024 ambao kwangu mimi ndo mtamu kuliko yote.

Sasa fainali yenyewe ilichezwa Glendale, Arizona usiku wa tarehe 8 Aprili, kwa saa zetu ilikuwa saa kumi na kitu alfajiri ya tarehe 9, na ilikuwa mwisho mwisho wa Ramadhani, kwahiyo waliokuwa wanakula daku ndo walipata bahati ya kuiona laivu, wengine wengi waliamka wakakuta matokeo na vidio fupi za hailaiti. Na hapo ndo penye shida, maana hii timu ukiiona kwenye hailaiti tu bado hujaiona. Hailaiti inakuonyesha mpira unaingia kwenye pete. UConn ya kocha Dan Hurley kazi yote ilikuwa inafanyika kabla ya hapo, tena mbali na mpira.

Mwangalie mchezaji wao Cam Spencer, usiangalie mpira, mwangalie yeye tu kwa dakika tano. Jamaa hasimami. Anapita nyuma ya skrini ya kwanza, yaani mwenzake aliyesimama kumzibia beki njia, beki wake anakwama, anageuka anarudi kwenye skrini ya pili, anakata kwenda kona, na mpira unamkuta mkononi akiwa ameshapanga miguu, yule beki bado anamtafuta. Halafu upande wa pili Alex Karaban anafanya hayohayo muda huohuo. Timu pinzani inachoka kwa kukimbiza watu wasio na mpira. Hiyo huwezi kuiona kwenye kipande cha sekunde kumi aisee, lazima uone mechi nzima.

Mechi ya kuanza nayo ni ile ya Illinois, robo fainali ya taifa, Boston. Mwanzo mwanzo kawaida tu, 23 kwa 23 karibu na mapumziko. Halafu UConn wakafunga pointi 30 mfululizo, yaani 30 kwa bila, kutoka 23-23 mpaka 53-23, mpaka watangazaji wenyewe unasikia wameishiwa maneno. Chanzo ni Donovan Clingan, senta wa futi 7 na inchi 2, mtoto wa hukohuko Connecticut. Illinois walikuwa wanaingia ndani kwa nguvu kama walivyozoea msimu mzima, na Clingan alichofanya ni kusimama, mikono juu, haruki hovyo, hatafuti faulo. Mipira yote 19 waliyorusha yeye akiwa mbele yao haikuingia hata mmoja. Hata mmoja! Terrence Shannon Jr aliyekuwa anatisha kila mtu mwaka ule alitoka na pointi 8 tu. Clingan alimaliza na pointi 22, rebaundi 10 (mipira iliyokosa pete aliyoidaka) na bloku 5 (mipira aliyoizuia ikirushwa). Nimeirudia hiyo mechi zaidi ya fainali na kila nikirudia naona kitu kipya, hasa miguu yake, wengi tunaangalia mikono.

Fainali na Purdue yenyewe ni darasa kwa makocha. Purdue walikuwa na Zach Edey, futi 7 na inchi 4, na timu nyingi zilikuwa zinamrundikia watu wawili watatu, sasa akirudisha mpira nje wenzake wanakumaliza kwa pointi tatu. Hurley akaamua Clingan abaki naye mwenyewe, wengine wote wabaki na watu wao nje, wasisogee. Edey akafunga pointi 37, anayesoma namba tu anasema aliwaua, ila wenzake wakapata pointi tatu MOJA mechi nzima, walirusha saba. Ikaisha 75-60. Tristen Newton akafunga 20 na asisti 7, akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho, na Stephon Castle, mwaka wa kwanza chuo yule, akaongeza 15 bila presha. Castle huyohuyo ndo baadaye akaenda San Antonio namba 4 kwenye drafti na kubeba rookie bora, yaani mchezaji mgeni bora, wa NBA.

Na msisahau hawa walikuwa wameshapoteza watu. Adama Sanogo wa Mali aliyekuwa nyota wa ubingwa wa 2023 kaondoka, Jordan Hawkins kaondoka, Andre Jackson kaondoka, wakaleta Spencer kutoka chuo cha Rutgers na Castle kutoka sekondari, na bado wakamaliza msimu wameshinda 37 na kupoteza 3, wakashinda mechi zote sita za mtoano kwa tofauti isiyopungua pointi 14. Kutetea ubingwa hakukuwa kumefanyika toka Florida 2006 na 2007. Kuna na Samson Johnson pia, mzaliwa wa Togo, aliyekuwa anaingia kumpumzisha Clingan, namtaja kwa sababu mashabiki wengi wanampita tu wakati kazi yake pale ndani ilikuwa kubwa.

Huduma sasa. Nyota moja nimeitoa kwa sababu utangazaji ni Kiingereza tupu, na kwa kijana wa kitaa anayejifunza mchezo kuna maelezo ya mbinu yanampita, natamani sana mtu wetu akae atutafsirie hata mechi moja. Ubora wa picha mzuri, kwenye simu weka 480 inatosha kabisa na bando linadumu. Kuna aplikesheni moja ya kulipia nilishawahi kuijaribu kwa ajili ya mechi kama hizi, hela ikakatwa na mechi hazikufunguka huku kwetu, kwahiyo kabla hujalipia popote hakikisha kwanza zinafunguka nchini kwako.

Mpangilio ninaoushauri: Illinois, kisha Purdue, kisha San Diego State 82-52 kama bado una hamu, hao ndo waliokutana nao fainali ya 2023 wakapigwa tena. Makocha wa vijana pale Donbosco na kwingineko, pakueni ya Illinois muwaonyeshe masenta wenu kuanzia hapo kwenye 23-23.