Goldberg ya Bach bila kinanda: nimeisikiliza wiki nzima, inafaa au haifai?

Mambo vipi jamani, karibuni. Leo nina hii CD hapa, Goldberg Variations ya Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, yaani wimbo mmoja halafu zinafuata varieshoni, kila moja inaugeuza kivyake, ila kinanda humu hakuna kabisa, ni watu watatu tu, Dmitry Sitkovetsky kwenye fidla, Gérard Caussé viola (fidla kubwa kidogo), Mischa Maisky chelo (kubwa zaidi, ya sauti nzito), imerekodiwa 1984, na huyo Sitkovetsky ndo kaipanga upya yote kwa kumkumbuka Glenn Gould, yule mpiga piano wa Kanada aliyefariki 1982.

Sasa Bach aliichapisha 1741 kwa ajili ya hapsikodi, kinanda cha zamani, ya safu mbili za vitufe. Hapsikodi inadonoa waya, nyie wa taarabu fikirieni ganuni, ukishadonoa sauti ndo inaondoka hivyo, huwezi kuishikilia wala kuikuza. Fidla unaivuta na upinde mpaka uchoke mwenyewe. Mchezo wote uko hapo.

Anza na namba 3. Kila varieshoni ya tatu ni kanoni, yaani mmoja anatoa wimbo mwenzake anamfuata nyuma na wimbo uleule, namba 3 anaanzia noti ileile, namba 6 anaanzia noti ya hatua moja pembeni, namba 9 hatua mbili, hivyohivyo mpaka 27. Kwenye piano kusema kweli mi nilikuwa nasikia vidole vingi tu, sijui nani anamfukuza nani. Hapa kila mtu na sauti yake, huyu anasema yule anadakia, utadhani wako barazani.

Halafu namba 25, ile ya huzuni. Besi inateremka kidogokidogo huku juu fidla inalia polepole, aisee, msiiweke mkiwa kwenye daladala.

Kasoro ipo, na ni zile za mikono kupishana, 14, 29. Mpiga kinanda mikono inarukiana mpaka unaogopa itagongana, hawa wamegawana noti, sisemi ni rahisi kupiga, ila ile roho juu imepotea, mi naziruka.

Na mtu asije kuniambia eti wamemharibu Bach, Bach mwenyewe alichukua konseto (muziki wa wapigaji wa mbele na okestra nyuma yao) ya fidla nne ya mtunzi mwenzake Vivaldi akaigeuza ya hapsikodi nne!

Kama hizi varieshoni hujawahi kuzisikia, anza na piano, ile ya Gould ya 1981, ndo uje huku. Yangu msiniombe, siazimishi.