Nilivyopima mtandao wa simu Kibosho kabla ya kununua bando la mwezi

Ukiuliza "mtandao gani unashika Moshi?" utapewa majibu manne tofauti, na yote yatakuwa ya kweli. Anayekaa Shanty Town ana lake, wa Pasua ana lake, na sisi wa vihambani huku juu tuna letu. Swali linalojibika ni dogo zaidi: laini ipi inafanya kazi ndani ya chumba changu, saa ninayoihitaji?

Nafanya hesabu za maduka. Jioni wenye maduka wakifunga hunitumia picha za risiti na mauzo ya siku kwa WhatsApp, nami naingiza kila kitu kwenye jedwali lililoko intaneti. Nilipokuwa napanga Majengo, mjini Moshi, sikuwa na haja ya kuwaza mtandao. Mama alipoanza kusumbuliwa na miguu nikaamua kurudi nyumbani Kibosho, na kazi ikabidi ipande nami.

Kwa asiyeijua Kibosho: tunakaa kwenye migongo ya mlima inayoshuka kutoka Kilimanjaro, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo lenye mto. Mnara ukiwa mgongo wa pili, aliye ukingoni anaupata vizuri, aliyeshuka kidogo kuelekea mtoni hapati kitu. Ongeza migomba, migrivea mirefu na paa la bati, ambalo huzuia mawimbi kweli kweli. Ndiyo maana jirani wa ng'ambo anaweza kuusifia mtandao usiofungua hata picha kwako.

Nilianza na ramani. Kampuni za simu huwa na ramani zao za mtandao, na rangi nyingi unazoziona pale hutokana na hesabu ya kompyuta: mnara uko wapi, ardhi imekaaje, mawimbi yatafika wapi. Kwa kawaida ni hesabu ya mtu aliye nje, mahali pa wazi. Kisha nikafungua ramani ya mtandaoni iitwayo nPerf, ambayo ni bure. Unachagua nchi, unachagua kampuni, unaona palipopimwa 2G, 3G, 4G au 5G. Vipimo vyake vinatoka kwenye simu za watumiaji wenyewe, kwa hiyo barabara kuu inajaa rangi na vichochoro vya migombani vinabaki vyeupe. Weupe huo unamaanisha hakuna aliyepima hapo. Mtandao unaweza kuwepo. Ramani ilinisaidia kujua laini zipi zinastahili kujaribiwa. Zaidi ya hapo sikuitegemea.

Aliyenisaidia kuliko ramani zote ni dada wakala wa pale njia panda. Fikiria: ana simu ya kila mtandao mezani, anazitumia kutwa nzima mahali pamoja, na mtandao ukikata anakosa kamisheni. Nilimuuliza, "Dada, ipi haikusumbui jioni?" Akanionyesha mbili bila kufikiri. Ya tatu akasema ni nzuri mpaka watu warudi kutoka mjini, basi inakuwa nzito. Uliza wakala aliye karibu kabisa na nyumba unayohamia, maana wa stendi atakueleza habari za stendi.

Nikachukua laini zile mbili, nikajiunga bando za siku, nikapima chumba kwa chumba. Hapa naomba mniamini: msitazame vijiti vya juu ya kioo, kila simu inavichora inavyotaka. Kwenye Android nyingi ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kwa 4G, kwenye -90 hivi unafanya kazi kwa raha. Ikipita -110 tegemea kukatakata. Tofauti ya 10 tu ni nguvu mara kumi. Kwetu sebuleni na chumba cha nyuma ni kama nchi mbili. Meza yangu sasa iko kwenye dirisha linalotazama bondeni, upande wa mjini.

Namba nzuri peke yake haitoshi. Mnara unagawanywa kwa wote walio chini yake, kwa hiyo mawimbi yanaweza kuwa imara na spidi ikawa hafifu kwa sababu ya msongamano. Nilipima asubuhi, mchana, na saa mbili usiku ambayo ndiyo saa yangu ya kazi. Laini iliyoongoza asubuhi ilishindwa usiku. Ningepima mchana tu ningeinunulia bando la mwezi mzima.

Kuna jambo la kupiga simu pia. Kama simu yako au mtandao wako hauna VoLTE, yaani kuongea kupitia 4G yenyewe, simu ikiingia unashushwa kwenye 3G au 2G, na anayetumia hotspoti yako anapungukiwa kasi au anakatika kabisa. Kwangu ilikuwa sababu ya kutenganisha: laini moja ya kuongea, nyingine ya intaneti.

Watu huniambia, "Hata mlimani kuna intaneti, nyie mnakosaje?" Ni kweli, Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kituo cha wapanda mlima kilicho kwenye mita 3,720. Lakini Horombo iko njia ya Marangu, na mgongo wa mlima ukikaa kati huzuia mawimbi hata kama uko juu. Na ndugu zangu wa Tarakea na Holili wana lao: simu inaweza kushika mtandao wa Kenya bila wao kujua. Huko zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, uchague mwenyewe.

Namba yangu ya zamani sikuitupa, wateja wote wanaijua. Tangu 2017 unaruhusiwa kuhama mtandao ukabaki na namba yako, ila fanya hivyo ukishapima, si kabla. Na kwa kuwa laini husajiliwa kwa NIDA na alama za vidole, baada ya kununua piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako.

Bando la mwezi nimelinunua kwa laini iliyoshinda usiku, na kazi inakwenda. Nitalirudia mpaka Novemba. Disemba Wachaga wote wanapanda nyumbani, minara ileile inabeba watu maradufu, kwa hiyo mwezi huo nitanunua za wiki kwenye laini zote mbili na kupima upya kila jioni kabla ya kuanza kazi.