Toyota GR86 au Lexus LC 500?

Zote mbili ni za ukoo wa Toyota, zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na hakuna yenye turbo. Undugu unaishia hapo.

GR86 ina kilo 1,300 hivi. Injini yake ya lita 2.4, silinda nne, inatoa nguvu za farasi 228. Si nyingi, na ndiyo raha yenyewe: unaikamua mpaka mwisho, ukibadilisha gia sita kwa mkono, bila kuhatarisha leseni. Viti vya nyuma? Weka begi tu.

LC 500 ina V8 ya lita 5.0, farasi 471 na gia kumi za otomatiki, lakini uzito unakaribia tani mbili. Kwenye kona kali utauhisi. Kwenye safari ndefu, Nairobi hadi Mombasa tuseme, unashuka mgongo ukiwa mzima, na mlio wake ni mtamu ajabu.

Huko Marekani, ikiwa mpya, bei yake ni takriban mara tatu ya GR86. Kwa tofauti hiyo ningechukua GR86, chenji iende kwenye matairi. Anayesafiri na mwenzake kila wikendi achukue Lexus.