Chokaa yao ni unga mtupu, na muuzaji hana adabu

Nyota mbili, tena nimezitoa kwa shingo upande. Nazungumzia chokaa ya kuku inayouzwa kwa kilo kwenye duka la pembejeo la mtaani kwetu, ile inayochotwa kwenye kiroba kisicho na lebo. Mayai yameanza kutoka na ganda la kubonyea, mengine hayana ganda kabisa, utandu mtupu. Nikamweleza muuzaji. Hakuinua hata kichwa kwenye simu yake: "Mama, chokaa ni chokaa. Kuku wako wamezeeka hao, wachinje tu."

Chokaa ni chokaa! Na huyo ndiye tunayemtegemea atushauri mambo ya mifugo!

Basi nieleze hapa, maana pale kaunta sikupewa nafasi. Yai hukaa kama saa 20 kwenye sehemu ya mfuko wa uzazi inayotengeneza ganda, na kazi kubwa hufanyika usiku, wakati kuku amelala na hali kitu. Ganda moja linataka takribani gramu 2 za kalsiamu, madini ambayo kuku huyapata kwenye chokaa. Chokaa laini kama hii yao, inayopeperuka ukikohoa, hupita tumboni haraka. Usiku wa manane ukifika imebaki kidogo, na nyingine imeshaishia kwenye kinyesi. Chenga za chokaa za milimita 2 hadi 4 hukaa kwenye firigisi zikayeyuka polepole mpaka alfajiri. Zikikosekana, kuku anachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Atavumilia kwa muda, kisha mayai yatalainika, na ukizidi kupuuza utamkuta amelala ubavu, miguu haina nguvu, nawe ukadhani ni mdondo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya alichosema ni kweli. Kuku akivuka mwaka na ushee, yai linazidi kuwa kubwa lakini chokaa anayoweka kwenye ganda haiongezeki sana, kwa hiyo inatandazwa na ganda linakuwa jembamba. Sawa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumuuzia mteja chenga, si sababu ya kumtuma akatafute kisu! Kuku wa umri huo theluthi mbili ya chokaa yake iwe chenga, theluthi moja unga. Makombe ya chaza au ya konokono wa baharini yaliyopondwa yanafaa sana, ila yaoshe kwanza chumvi itoke. Hata maganda ya mayai yanafaa: yakaushe vizuri kwenye moto, kisha yaponde mpaka yasifanane tena na yai, kuku wasije wakajifunza kudonoa yale wanayotaga.

Weka chenga kwenye chombo cha pembeni, usichanganye na chakula. Gramu 5 hivi kwa kila kuku, saa tisa au saa kumi alasiri, ili waende kulala nazo kwenye firigisi. Anayehitaji atadonoa, jogoo atapita zake. Ukimwaga chokaa ovyo kwenye chakula, chakula kinawachukiza, wanakula kidogo, na unaweza kuona mayai yenye vipele vigumu juu ya ganda. Mitetea ambao bado wako mbali na kutaga usiwape kabisa chakula cha kuku wa mayai. Kalsiamu nyingi hivyo inaharibu figo zao.

Chakula kinachouzwa duka hilohilo, nikiwa mkweli, sina ugomvi nacho. Chakula cha kuku wa mayai kikiwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kuku akala gramu 110 au 120 kwa siku, anapata kama gramu 4, ambazo ndizo anazohitaji. Shida ni joto letu la pwani. Kuku akitweta mchana kutwa hamu ya kula inapungua, na kule kutweta kwenyewe kunampotezea hewa ya kaboni dayoksaidi inayohitajika kutengeneza ganda. Lisha alfajiri na jioni, maji yawe ya baridi. Na kama unanywesha maji ya kisima yenye chumvi, anza na hayo kabla hujamlaumu mtu, kwa sababu chumvi kwenye maji inaharibu ganda hata kama chokaa ipo tele.

Pia si kila yai la ajabu ni chokaa. Ganda lenye mikunjo na ute ulio maji maji, huku kuku wanakoroma, hiyo inaelekea kwenye bronkaitisi ya kuku, ugonjwa wa njia ya hewa. Yai lenye mshipi uliovimba katikati mara nyingi lilipata ufa tumboni, ganda likiwa bado changa, kwa msongamano au kwa mtikisiko wa usiku, labda paka kapita bandani. Haya yote muuzaji angeweza kuyauliza. Hakuuliza hata moja.

Nilikuwa tayari kupandisha nyota ziwe tatu kwa ajili ya chakula. Kisha nikatia nusu kijiko cha chai cha chokaa yao kwenye nusu glasi ya siki. Chokaa nzuri ya mifugo inachemka povu, na ukiiacha mpaka povu liishe, karibu yote inakuwa imeyeyuka, chini panabaki tope kidogo tu. Isiyotoa povu kabisa usiwape kuku, huenda ni chokaa ya kupaka ukutani, na hiyo inaunguza mdomo na gole. Ya kwao ilitoa povu, sikatai. Lakini chini ya glasi kulibaki mchanga. Mchanga wa kujengea, unaukwaruza kwa ukucha.

Nikampelekea glasi akaone. Eti mchanga unasaidia firigisi kusaga chakula. Ni kweli unasaidia! Lakini mchanga umejaa uani bure, na mimi nimeununua kwa bei ya chokaa.

Nyota moja. Chakula nitaendelea kukichukua hapo, kwa kuwa ni karibu na mfuko bado una uzito wake kamili. Makombe naponda mwenyewe.