Civitavecchia hadi Roma: ulipie treni au basi?

Meli za kitalii zikiandika "Roma" kwenye ratiba zinamaanisha Civitavecchia, mji wa bandari ulio kilomita kama 80 kutoka Roma kwa barabara, kwa hiyo ukishuka melini bado una safari nyingine ya kulipia na hapo ndipo watu wengi wanatoa hela bila kufikiria. Nawapa jibu kabisa: kama unashuka asubuhi na jioni unarudi melini, treni ya mkoa ndiyo namba moja. Kama safari ya meli imeisha na una masanduku unaelekea airport, basi linashinda. Katikati ya hapo kuna mambo ya kuangalia, maana mwisho wa siku hiki unachonunua hapa sio mwendo tu, unanunua na jibu la swali moja, nikichelewa hasara ni ya nani?

Namba 1 ni treni ya mkoa, ile ubao unaiandika Regionale au Regionale Veloce. Nauli ya kwenda ni kama euro 5, mwendo ni dakika 45 hadi 60 kufika stesheni ya Roma San Pietro, kwenda Termini, stesheni kuu ya Roma, ongeza kidogo. Haina booking ya siti, haijai ikafungwa, ukiikosa moja unasubiri nyingine. Lakini hesabu muda wote, sio wa treni peke yake: ndani ya bandari huruhusiwi kuzurura kwa miguu, unapanda basi la bure la bandari mpaka kituo cha mabasi cha Largo della Pace, pale unachukua basi la mji la nauli ndogo hadi stesheni, au unatembea dakika kama 20 na kidogo. Ukishuka melini saa 2 asubuhi, kuwa kwenye treni saa 3 ni mwendo mzuri, na saa 4 unaingia Roma.

Kuhusu tiketi, kuna kitu kinaitwa BIRG, tiketi ya siku nzima, euro 12 kwa umbali huu, inakupa treni za mkoa kwenda na kurudi pamoja na metro, basi na tramu za Roma mpaka usiku wa manane. Sasa kila mtu huko mtandaoni anakwambia nunua BIRG, mimi nasema piga hesabu kwanza. Tiketi mbili za kawaida ni kama euro 10, tiketi ya metro ni euro 1.50, kwa hiyo ukipanda metro au basi mara mbili au zaidi BIRG inakulipa, ila kama mpango wako ni Vatican tu halafu kutembea kwa miguu huku na huku, tiketi mbili za kawaida zinatosha. Faida nyingine ya BIRG ni kwamba hupangi foleni kwenye mashine wakati wa kurudi, na hiyo peke yake kwa mtu mwenye wasiwasi ina thamani yake.

Na hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndipo wageni wanapoliwa hela: tiketi ya karatasi unaigonga muhuri kwenye kimashine kidogo kilichobandikwa ukutani kabla hujapanda, BIRG unaiandika na jina lako na tarehe ya kuzaliwa, na ile ya kwenye simu ina check-in yake unaifanya mwenyewe. Kondakta akikukuta na tiketi safi isiyogongwa hataki kujua kama wewe ni mgeni, faini inazidi nauli mara nyingi sana.

Swali la ushuke wapi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanakaa mpaka Termini kwa sababu ndiyo jina wanalolijua, halafu wanashangaa, maana treni za upande huu zinaingia majukwaa ya 25 kwenda juu ambayo yako mbali kabisa, unatembea karibu dakika 10 kabla hujafika hata jengo kuu la stesheni, na wakati wa kurudi ni hivyo hivyo ila sasa unakimbia. Kama unaenda Vatican shuka San Pietro, kanisa kuu liko dakika 10 hadi 15 kwa miguu. Kama unataka Colosseum shuka Ostiense, vuka uende metro ya Piramide, mstari B, vituo viwili tu umefika. Trastevere nayo ipo kwa wanaotaka kula na kuzunguka vichochoroni, tramu namba 8 inakuleta karibu na Piazza Venezia. Termini waachieni wenye sababu maalumu, na wakiwa pale washike pochi zao.

Kurudi usitafute ubao ulioandikwa Civitavecchia peke yake. Treni nyingi zinaandikwa mwisho wa safari yake, Pisa au Grosseto, na Civitavecchia ni kituo cha njiani tu, soma ile orodha ya vituo. Muda je? Kama meli inataka watu wote ndani saa 11 na nusu jioni, mimi ningekuwa kwenye treni ya saa 8 na nusu mchana, sio ile ya saa 9 na nusu. Najua inauma kukatisha Roma mapema, lakini treni moja ikifutwa bado una nyingine.

Namba 2, na kwa baadhi ya watu ndiyo namba 1, ni basi la meli lenyewe, ile excursion ya "zunguka Roma mwenyewe" wanayouza ndani ya meli. Bei inatofautiana kampuni na kampuni ila usishangae kuona dola 80 au hata 100 kwa kichwa, yaani familia ya watu wanne inaweza kulipa zaidi ya dola 300 mahali ambapo BIRG nne ni euro 48. Kwa mwendo halina ubora wowote, barabarani ni saa moja na nusu na foleni za kuingia Roma zikikubana inakuwa saa mbili, tena mabasi ya watalii hayaruhusiwi kuingia ovyo katikati ya mji wa zamani, kwa hiyo wanakushusha pembeni na mguu unaendelea kama kawaida. Sasa unalipia nini? Unalipia kusubiriwa. Basi la meli likikwama kwenye foleni, meli inangoja, na ikishindikana kabisa kungoja kampuni inabeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Ukiwa na treni yako ukichelewa, meli inaondoka na nauli ya kuifuata ni yako.

Nani alipe hiyo hela? Mwenye mzee asiyeweza ngazi za stesheni, mwenye watoto wadogo wawili na kigari, mtu ambaye akiwa na wasiwasi wa muda hafurahii kitu chochote. Na mtu mwingine yeyote siku ya mgomo.

Mgomo ndio huu. Italia wafanyakazi wa treni wanagoma, na mgomo unatangazwa mapema, neno la kutafuta ni sciopero pamoja na tarehe yako. Sheria inalazimisha treni za mkoa kutembea siku za kazi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, hata wakati wa mgomo. Ukiliangalia haraka unaona afadhali. Liangalie tena kwa macho ya mtu wa meli: asubuhi treni ipo, inakupeleka Roma vizuri kabisa, halafu saa 8 mchana unapotaka kurudi uko nje ya muda wa uhakika na ile ya saa 12 jioni meli imeshaondoka! Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote kwenye safari hii. Na Jumapili na sikukuu hata hayo masaa ya uhakika kwa treni za mkoa hakuna. Kwa hiyo wiki moja kabla angalia, ukikuta mgomo nunua basi la meli bila kujiuliza mara mbili, au baki Civitavecchia ule samaki.

Namba 3 ni mabasi ya kampuni binafsi yanayobeba watu kutoka bandarini kwenda karibu na Vatican na kuwarudisha mchana. Bei iko katikati, foleni ni ile ile, lakini meli hailingoji basi hilo hata dakika moja. Yaani unapata ubaya wa basi na ubaya wa treni kwa pamoja. Linafaa kwa kikundi kinachotaka kukaa pamoja na dereva anayejua saa ya meli, zaidi ya hapo mimi siyaoni maana yake.

Namba 4, treni za Intercity na ndugu zake za kasi. Zinaokoa dakika chache tu kufika Termini, bei iko juu, tiketi inakufunga na treni ile ile moja, BIRG haikubaliki, na San Pietro hazisimami. Zina siti yako ya uhakika, haya, ila kwa mwendo wa chini ya saa moja siti ya uhakika ni starehe ya bei mbaya.

Mwisho ni wale wanaomaliza safari hapo. Ukiwa na masanduku mawili, basi la bandari, basi la mji, ngazi, treni iliyojaa, halafu kubadili treni Trastevere au Ostiense uende Fiumicino, hiyo ni adhabu. Uwanja wa Fiumicino uko upande huu huu wa bahari kabla hujaingia Roma, basi la moja kwa moja kutoka bandarini linafika bila kugusa foleni za mjini, kwa hiyo hapo basi ni namba moja na treni inashuka chini. Kama unalala Roma kwanza, treni inawezekana kwa mwenye begi moja la magurudumu, na kesho yake treni ya airport, Leonardo Express, kutoka Termini inakupeleka Fiumicino kwa dakika 32, euro 14, BIRG huko usijaribu. Ndege yako ikiwa ya Ciampino hesabu ni nyingine, uwanja huo uko upande wa pili wa Roma, kwa treni mara nyingi utapita Termini, na asubuhi ya kushuka meli usikate tiketi ya ndege ya kabla ya saa 8 mchana.